Fremu Nyeusi

Mbuzi ndio waliotangulia kubandua mabango yetu, kabla ya polisi. Tulikuwa tumeyabandika kwa uji wa muhogo, na mbuzi wa Kewanja, kijiji chetu kando ya mgodi wa dhahabu, hawajui mgomo wala serikali. Wanajua unga. Nilipotoka kibandani kwangu nikakuta beberu amesimama kwa miguu ya nyuma kwenye ukuta wa ghala la mahindi, analamba neno HAKI mpaka karatasi ikalegea, kisha akaitafuna bila haraka. Nilicheka sana. Ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka kucheka kwa ajili ya jambo hili.

Kazi yangu ni kuchora na kuandika kwenye kuta. Ukipita barabara hii ukaona kichwa cha ng'ombe chenye macho ya binadamu juu ya mlango wa bucha, hicho ni changu. Vichwa vya saluni vyenye mitindo ambayo hakuna kinyozi wa huku anayeiweza, navyo ni vyangu. Siku hizi mashine za mjini Tarime zinachapa kila kitu, na mimi nimebakiwa na wavivu wa safari pamoja na wafiwa. Wafiwa hawakunitupa. Picha ya marehemu ikiwa mbaya mno kuchapwa, wanamleta kwangu ndani ya simu, nami namchora upya kwenye ubao: shati jeupe, tai hata kama maishani hakuwahi kuigusa, fremu nyeusi kuzunguka, na maua mawili chini kwenye pembe. Ubao huo hutangulia mbele ya jeneza, halafu hutundikwa sebuleni. Sura ya mtu halisi nilikuwa sijawahi kuichora kwa sababu nyingine yoyote.

Mtu ninayemkumbuka hapa nitamwita rika langu, maana ndivyo nilivyozoea kumwita. Tulitahiriwa msimu mmoja, huko Itiryo, bega kwa bega asubuhi ya baridi, na kwetu Wakurya hilo linatosha kuwa undugu. Mama yake ni mama yangu. Nikikosea hunisema kama anavyomsema yeye, bila kupunguza hata neno. Baba yake alifariki sisi tukiwa bado wachunga ndama, na katika nyumba ile mtoto wa kiume ni yeye peke yake.

Alikuwa dereva wa boza la maji huko mgodini, lile linalomwagia barabara maji ili vumbi litulie. Aliajiriwa na mkandarasi, si na mgodi wenyewe, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mkandarasi aliondoka, akarudi na jina jipya na magari yaleyale yaliyopakwa rangi. Wafanyakazi wakaambiwa kwamba wao sasa ni wageni, waanze upya, wapimwe afya upya. Waliovunjika migongo na walioharibika vifua chini ya jina la zamani wakashindwa vipimo vya jina jipya, wakaambiwa kwaherini. Kifua cha rika langu kilikuwa kizima. Alipita vipimo. Ndiyo maana nilimwambia akae kimya, ale mkate wake.

Alinitazama kana kwamba nimemtemea mate. "Mura," akasema, kama wanaume wa Kikurya tunavyoitana, "watu ninaokula nao sahani moja wanatupwa kama tairi limekwisha. Nikae kimya nikitazama wapi?"

Wakagoma. Walikaa chini mbele ya geti la mkandarasi, na ovaroli zao na kofia zao ngumu, wakiimba nyimbo za kanisani kwa sababu ndizo wote walizokuwa wanazijua. Hakuna aliyerusha jiwe. Hilo nitalisema mpaka nife, kwa sababu nilikuwepo upande wa pili wa barabara nikipaka rangi mlango wa duka la dawa. Magari ya polisi yakaja, mabomu ya machozi yakapigwa, virungu vikafanya kazi yake, na moshi ukafika mpaka sokoni kwa wauza dagaa. Rika langu alibebwa mikono na miguu akatupwa nyuma ya gari pamoja na wenzake. Jioni ile tukasikia kwamba waliokamatwa ni wavamizi.

Neno hilo ni zito huku kwetu. Mvamizi ni mtu anayeruka ukuta kwenda kuokota mawe ya dhahabu, na mvamizi akipigwa, hata jirani yake husema, alifuata nini kule? Neno moja tu, na wafanyakazi waliokuwa wakidai haki zao mchana kweupe wakageuka wezi. Watu waliokuwa wanawahurumia wakaanza kuuliza maswali ya ajabu. Nilikasirika mpaka nikakosea herufi kwenye kibao cha mteja, na kwa mtu wa kazi yangu hilo si jambo dogo.

Waliosalia walikutana kibandani kwangu. Aliyewaongoza alikuwa mpishi wa kantini ya mkandarasi, mama mwenye sauti ya kuamrisha masufuria, ambaye ndiye aliyekuwa anawapelekea mahabusu chakula kituoni na kuturudishia habari. Yeye ndiye aliyesema tubandike mabango. Nikaandika kwenye karatasi za manila: SISI NI WAFANYAKAZI, SI WAVAMIZI. Nikaandika: KUGOMA SI UJAMBAZI. Nikaandika: HAKI KWA WALIOUMIA. Tukayabandika Jumapili watu wakiwa ibadani, ili wakitoka wakutane nayo uso kwa uso.

Yale ambayo mbuzi waliyaacha, polisi waliyakwangua kwa mapanga. Aliyesimama kusoma kwa muda mrefu aliulizwa anasoma nini. Fundi cherehani mmoja alipigwa makofi mbele ya wateja wake kwa sababu tu bango lilikuwa kwenye ukuta wake, na yeye hata siku hiyo hakuwepo, alikuwa harusini. Baada ya hapo watu wakaanza kuyabandua wenyewe kabla hayajakauka. Sikuwalaumu. Kila mtu ana mgongo mmoja.

"Maneno hayana macho," mpishi akasema, amekaa kwenye ndoo yangu ya rangi iliyopinduliwa. "Mtu akisoma mvamizi, anaona mvamizi. Tuweke sura. Waone kwamba huyu ni mtoto wa mtu."

Tukakubaliana iwe sura ya rika langu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mbele siku ile. Nilimchora kutoka kichwani. Sikuhitaji picha. Nilimvika ovaroli yake yenye mistari inayong'aa, nikampa lile tabasamu lake la upande mmoja, na kovu dogo juu ya nyusi alilopata kwa fimbo yangu tukiwa tunachunga. Chini nikaandika kwa herufi nene: MWACHIENI. Kisha mkono ukamaliza kazi kama ulivyozoea kuimaliza. Fremu nyeusi kuzunguka. Maua mawili kwenye pembe.

Mpishi alilitazama, akafuta macho kwa kanga. Wengine wakasema, kaka, hapo umempata. Tulikuwa watu wazima tunaojua kusoma, na wote tukasoma neno lililokuwa chini. Nikachora mengine kadhaa. Safari hii tulitia pilipili kwenye uji, mbuzi wakanusa wakapita zao. Bango moja tulilibandika kwenye ukuta wa kijiwe cha bodaboda, pale wanaposhukia abiria wanaotoka Itiryo.

Siku iliyofuata nilikwenda Tarime mjini kutafuta rangi. Siku hiyohiyo mama akashuka kutoka Itiryo na kikapu cha ndizi mbivu, ili ajaribu kumwona mwanawe kituoni. Mama hajui kusoma. Bodaboda aliyemleta alinisimulia baadaye: alishuka, akakipanga kitambaa chake kichwani, akainua macho ukutani. Akaweka kikapu chini. Akasogea, akagusa ua moja kwa kidole, halafu la pili. Hakumuuliza mtu chochote, kwani nani huku kwetu anauliza maana ya fremu nyeusi? Akaweka mikono kichwani, akapiga yowe. Wanawake wa sokoni waliposikia mama analia mbele ya picha ile, wakatupa mizigo yao wakalia naye. Yule bodaboda akajaribu kumsomea lile neno, lakini katika kilio kile nani angemsikia. Akamrudisha Itiryo, mama akilia mgongoni kwake njia nzima.

Nilizipata habari niliporudi, na kulipokucha nikaenda. Nilimpitia kwanza mpishi, akaniapia kwamba rika langu yu hai, kwani sahani ya jana ilirudi tupu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipofika niliona moto uani, wanaume wamekaa kwenye vigoda upande wao, wanawake wamelala kwenye mikeka ndani. Msiba kamili, haukupungukiwa kitu isipokuwa maiti.

Mama alikuwa amenyoa. Kwetu nywele za msiba hunyolewa baada ya kuzika, siku ya kufunga kilio. Yeye hakusubiri. Kichwa chake kilikuwa cheupe na chenye mikwaruzo, na nilipokiona nilitamani ardhi inimeze.

"Shikamoo mama."

Akageuza uso ukutani.

"Mama, hajafa. Yuko mahabusu. Ile picha nimeichora mimi."

"Wewe?"

"Ni ya mgomo, mama. Tunadai atolewe."

"Ukamwekea na maua?"

Nikainama, nikakaa chini mbele yake.

"Umemwona kwa macho yako?" akauliza.

"Mpishi anampelekea chakula. Sahani inarudi tupu."

"Sahani hata mbwa anaimaliza," mama akasema. "Nimenyoa kwa sababu najua hawatanirudishia mwili. Ningesubiri kuzika nini?"

Baba mdogo wa rika langu, ambaye sasa ndiye mkubwa wa mji ule, yaani boma lao, alinyanyuka kutoka kwenye kigoda. Hakunifokea. Laiti angenifokea. "Mtu ameliliwa yu hai," akasema taratibu. "Hilo halifutiki kwa kusema tumekosea. Mwombe Mungu atoke, tujue la kufanya."

Alitoka. Lazima niseme hivyo, kwa sababu kwa muda mfupi tulifurahi, au tulifanana na watu waliofurahi. Waliachiwa kwa dhamana, bila mtu kueleza kosa lao lilikuwa nini. Rika langu alifika Itiryo amenyooka kama mtu aliyefungwa ubao mgongoni, kwa sababu mbavu hazikumruhusu kuinama. Hakuruhusiwa kuingia kwa mama yake moja kwa moja. Alisimama nje ya zizi mpaka kondoo akachinjwa, akapakwa taka za tumbo la kondoo kifuani na kwenye paji la uso, baba mdogo akinong'ona maneno ya kumrudisha miongoni mwa walio hai. Mchungaji wa kanisa lao alikuwa anapita njiani, akatazama pembeni kwa adabu.

"Nimefufuka, mura," rika langu akaniambia, anacheka huku ameshika mbavu. "Hata siku tatu sikumaliza."

Mama hakucheka. Alimshika uso kwa mikono miwili, akaupapasa, nyusi, kovu, mdomo, kana kwamba anaulinganisha na ule wa ukutani. Kisha akakumbuka kichwa chake kilivyo, akavuta kitambaa mbele kwa aibu.

"Mama, umewahi mno," mwanawe akamtania.

"Usinitanie hivyo," akasema. "Tena usinitanie hivyo kamwe."

Mgomo ulikuwa umekufa kifo chake. Wenye watoto wa shule walirudi mmoja mmoja, wakapimwa, wakaanza upya chini ya jina jipya, na mimi nikiwaona wanapita asubuhi walikuwa wanatazama chini. Wenye vifua vibovu walirudi vijijini kukohoa huko. Mpishi alifukuzwa, akafungua mgahawa wa chapati ambao haukudumu. Rika langu naye alipokwenda getini kujaribu bahati yake, mlinzi alitoa simu, akaitazama, akamtazama yeye, akatikisa kichwa. Kwenye simu ile kulikuwa na picha ya bango langu. Alikwenda kwa mkandarasi mwingine, ikawa hivyohivyo. Akaenda mpaka Mugumu kuomba kazi ya udereva kwenye kampuni ya watalii, akidhani huko hawamjui, kumbe bango limesambaa kutoka simu hadi simu mpaka huko.

"Umenifanya kama mgombea ubunge," akaniambia. "Kila mtu ananijua, na hakuna anayenitaka."

Tulicheka kidogo, kicheko cha mdomoni tu. Akaanza kubeba ndizi za mama yake kwenda kuuza Sirari, mpakani, kwa watu wa upande wa Kenya, na kila akipita kwangu alikuwa anasema kwamba waliofukuzwa bado wapo, kwamba tuanze tena, kwamba safari hii nimchore bila yale mapambo ya makaburini. Nilimwambia ngoja mvua zipite. Hakungoja. Alianza kwenda nyumba kwa nyumba kwa wale wagonjwa, akiwaandikisha waende mahakamani kwa pamoja.

Wakamchukua huko Kerende, kijiji cha jirani, mchana kweupe, kwenye kibanda cha chai. Mama muuza chai ndiye aliyeniambia, na aliniambia bila kujua mimi ni nani katika jambo lile. Gari lisilo na namba lilisimama. Wakashuka wanaume waliovaa kama watu wa kawaida. Mmoja akatoa simu, akaisogeza karibu na uso wa rika langu, akatazama huku, akatazama kule. "Ndiye," akasema. Rika langu akauliza, ndiye nani? Wakamwinua na kikombe chake mkononi.

"Nilikiona kile kilichokuwa kwenye simu," muuza chai akasema. "Ilikuwa ni picha ya kuchora. Ina maua huku chini. Nikasema moyoni, mbona huyu kaka wamemtengenezea picha ya msiba?"

Kwenye kituo waliniambia kwamba hawana mtu kama huyo. Tulikwenda Tarime mjini, tukaenda Mugumu, tukaenda Musoma. Mimi na baba mdogo tulitembea kwenye vyumba vya maiti tukiwa tumefunga pua kwa leso, na kila tulipotoka bila kumwona sikujua kama nishukuru au nilie. Ndugu zao wa upande wa Kenya waliulizia Migori na Isebania. Hakuna. Dunia ilikuwa imemmeza na kufunga mdomo. Mvua zile nilizomwambia angoje zilipita, zikaja nyingine, nazo zikapita.

Mama hakulia safari hii. Watu walikwenda kumpa pole, akawapa chai, akawauliza habari za mashamba. Aliacha nywele ziote. Mwanamke wa umri wake huku kwetu hukata nywele zikiwa fupi na nadhifu, lakini yeye aliziacha, nyeupe, zimesimama hovyo, zikamfikia masikioni na kuzidi. Majirani wakaanza kusema kwamba akili zimemruka. Mimi nilielewa, na nadhani ni mimi peke yangu. Alishawahi kunyoa kwa kuamini. Hatarudia.

Baba mdogo akanifuata kibandani. Alikataa kiti. Akasema kwamba mji hauwezi kukaa hivi, na kilio ambacho hakijafunguliwa wala kufungwa kinaoza ndani ya nyumba, na yeye ni mzee, hataki kukiacha kwa vijana. Watafunga kilio bila mwili. Mama itabidi anyoe, wote wanyoe. Akasema wanahitaji picha ya kuweka mbele. Picha zote za rika langu zilikuwa kwenye simu aliyoondoka nayo. Hakuna sehemu nyingine duniani ambako sura yake ilikuwepo, isipokuwa kichwani mwangu na kwenye simu za watu waliomkamata.

Nilichelewa sana kuichora. Nilisingizia rangi, nikasingizia kazi za watu. Mwishowe nikaichora kwenye ubao mzuri, shati jeupe, bila tai kwa sababu angenicheka. Tabasamu la upande mmoja. Kovu. Nilipofika kwenye fremu, mkono ukakataa. Uliozoea kazi ile miaka yote, siku hiyo ulikaa na brashi hewani mpaka rangi ikadondoka miguuni. Nikaufunga ubao kwenye shuka bila fremu wala maua, nikatia kopo la rangi nyeusi na brashi kwenye mfuko, nikapanda pikipiki.

Pale Itiryo baba mdogo alikuwa ameshawaita watu. Kondoo alikuwa amefungwa kwenye mti wa uani, na wembe mpya ulikuwa kwenye sahani bado umo ndani ya karatasi yake. Baba mdogo alifunua shuka, akatazama ubao, akanirudishia. "Hujamaliza," akasema, akaenda kusimama mlangoni kusubiri nimalize.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na mafiga. Aliniashiria nimpe. Nikapiga goti mbele yake nikiwa nimeushika ubao. Aliutazama uso wa mwanawe taratibu, akapitisha kidole pembeni mwa ubao, juu, kando, chini kwenye pembe zote mbili, mahali palipokuwa patupu. Kisha akanitazama mimi, na nywele zake zile zimezunguka uso wake.

"Mwanangu," akasema, "safari hii niambie mapema. Hii ni ya mgomo, au ni ya msiba?"

Baba mdogo alikohoa mlangoni. Kopo la rangi lilikuwa kwenye mfuko kando yangu. Nilikaa pale chini na ubao mapajani mpaka chai niliyopewa ikapoa, na kopo sikulifungua.